Namba ya kwenye pakiti haiwashi mtu

Mkulima mgeni wa pilipili kali utamtambua kwa namba za ukali. Kabla hajakwambia ana miche mingapi au udongo wake ukoje, ameshakutajia milioni moja na nusu, milioni mbili, milioni mbili na ushei. Sina ugomvi na namba hizo. Hata mimi zilinivutia. Ila kukaa na mimea hii kumenifanya nizione kama tangazo tu: zinauza mbegu, hazioteshi. Anayelima kwa kufuata namba mara nyingi hukata tamaa mapema, mbegu zikiwa bado zimelala udongoni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba pilipili kali kupita kiasi ni kazi ya kungoja kuliko ya kuungua.

Namba zenyewe zina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit. Alitafuta njia ya kupima ukali wa pilipili. Akaziloweka zilizokauka kwenye alkoholi ili utoke ule ukali wake, kisha akawa anauzimua kwa maji ya sukari na kuwaonjesha watu, akiongeza maji hadi waseme hawasikii tena kuwashwa. Kiasi cha kuzimua ndicho kilichokuwa namba. Pilipili ya 100,000 ilihitaji kuzimuliwa mara 100,000 ndipo ulimi utulie. Tatizo liko wazi: ulimi huchoka. Ukishaonja kali mbili tatu, ya nne unaikisia tu. Siku hizi maabara hupima kwa mashine kiasi cha kapsaisini, yaani kile kinachowasha, na viini vinavyofanana nayo, halafu matokeo hugeuzwa kuwa vipimo vya Scoville. Kapsaisini tupu, isiyochanganywa na chochote, iko kwenye milioni 16.

Jalapeño, ambayo wengine huiona kali, iko kati ya 2,500 na 8,000. Habanero na ndugu zake, hawa tunaowaita pilipili mbuzi, huanzia kama 100,000 hadi 350,000. Mwaka 2007 Bhut Jolokia ya kaskazini-mashariki mwa India iliingia kwenye kitabu cha Guinness kwa kuvuka milioni moja. Tangu hapo ikawa mashindano. Carolina Reaper ya Ed Currie, mkulima wa South Carolina, ilichukua taji mwaka 2013, ikapimwa tena mwaka 2017 na kupata wastani wa 1,641,183. Mwaka 2023 Currie huyohuyo akaivua taji pilipili yake mwenyewe kwa kuleta Pepper X, wastani 2,693,000.

Neno la kushika hapo ni wastani. Matunda ya mche mmoja hutofautiana, sembuse ya miche miwili, sembuse ya bustani mbili zenye udongo, jua na maji tofauti. Tunda lililoiva kwenye ndoo yako uani halijasaini mkataba na maabara yoyote. Na ukiona mtu anakuuzia mbegu za Pepper X, uliza kwanza amezitoa wapi. Wakati inatangazwa, Currie alisema wazi kuwa mbegu zake haziuzwi.

Karibu zote hizi zinazotajwa kwa mamilioni ni za spishi moja, Capsicum chinense. Jina hilo maana yake ni ya China, alilipa mtaalamu wa mimea Nikolaus von Jacquin mwaka 1776, na si la kweli: asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kwa mwenye bustani, jambo la maana ni kwamba chinense ina tabia zake. Ni ya polepole. Aliyezoea kuotesha pilipili kichaa au hoho akiipanda hii kwa kalenda ileile atadhani ameuziwa mbegu mbovu.

Hapo kwenye kuota ndipo bustani nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mbegu hizi zinataka udongo wenye joto la nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi, usiku na mchana. Siyo joto la hewa, joto la udongo. Kwenye joto hilo baadhi zitachomoza baada ya siku kumi hivi, nyingi ndani ya wiki tatu, na zipo ambazo hupitisha mwezi mzima ndipo zijitokeze. Udongo ukiwa wa nyuzi 18, zitakaa tu, na unyevu ukizidi zitaoza zikiwa zimekaa. Ndiyo maana wengi huweka trei ya miche juu ya friji au karibu na kitu chochote kinachotoa joto la kudumu. Mwanga hauhitajiki mpaka kitu kionekane. Fukia mbegu nusu sentimita, udongo uwe laini na mwepesi, unyevu wake uwe ule ambao ukikamua bonge la udongo mkononi haudondoshi maji. Funika kwa nailoni inayopitisha mwanga. Halafu acha. Kuchimbua kila asubuhi ili kuangalia kama mbegu imeanza kufanya kitu ni njia ya uhakika ya kukata kizizi kilichokuwa kimeanza.

Ikitoka, hutoka shingo kwanza, imejipinda, nyeupe kuelekea kijani. Inakaa hivyo hata siku nzima, kichwa kikiwa bado udongoni, kisha inajinyoosha. Wakati mwingine ganda la mbegu hung'ang'ania juu ya yale majani mawili ya mwanzo kama kofia iliyombana mtoto, na mche hauwezi kufunguka. Mkono utakuwasha kulivuta. Usilivute. Lidondoshee tone la maji, subiri lilainike, dondoshea tena, kisha lisukume taratibu kwa ncha ya kucha. Likigoma, liache hadi kesho. Majani yaliyo ndani ni mororo mno, ukivuta kwa nguvu utabaki na ganda na majani yote mawili, na kikonyo kimesimama kitupu mbele yako.

Siku ya kuota ndiyo siku ya kutoa ile nailoni. Hewa ikisimama na udongo ukishinda chapachapa, kinyausi kitaingia: mche unalegea pale unapokutana na udongo, unakuwa mwembamba kama umebanwa na uzi, unalala. Mche uliolala hivyo hauamki. Dawa yake ni kuzuia tu: hewa ipite, maji yanyweshwe kutoka chini ya trei, uso wa udongo upate kukauka kidogo kabla ya kumwagilia tena.

Kupandikiza hakuna maneno mengi. Mche ukiwa na majani ya kweli manne au sita, uhamishe kwenye chombo kikubwa kidogo, kisha baadaye kwenye ndoo au chungu cha lita 15 hadi 20, au ardhini. Udongo upitishe maji, uwe na mboji iliyoiva vizuri, na uwe na uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.8. Zoesha mche jua kwa wiki nzima kabla ya kuuacha nje moja kwa moja, la sivyo majani yatababuka meupe. Weka mti wa kuegemea mapema, maana matawi ya chinense hubeba matunda mengi na huvunjika kwenye panda.

Kuhusu mbolea nina msimamo. Watu huzipa pilipili samadi nyingi na mbolea ya naitrojeni kana kwamba wanalima mchicha, halafu wanapiga picha kichaka cha kijani kibichi kisicho na ua hata moja. Naitrojeni nyingi ni majani. Mwanzoni sawa, mmea ukianza kugawanyika matawi, punguza, uupe zaidi potasiamu. Kitako cha tunda kikigeuka cheusi na kulegea, kalsiamu haifiki kwenye tunda, na mara nyingi sababu si kwamba haimo kwenye udongo bali ni kumwagilia ovyo: leo ukame, kesho mafuriko. Kalsiamu husafiri na maji. Panga umwagiliaji kwanza kabla hujakimbilia kununua chupa.

Maua yanakuja mawili matatu katika kila kifundo, madogo, meupe yenye ukijani, yameinamia chini. Halafu yanaanguka. Huu ndio wakati ninapoulizwa maswali mengi kuliko wakati mwingine wowote, na jibu hukatisha tamaa: ni hali ya hewa. Mchana ukipanda juu ya nyuzi 33 au 35, chavua hudhoofika. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 au ukibaki na joto la zaidi ya 24, ua hulegea kwenye kikonyo na kudondoka. Mmea hauumwi. Unapima hali na kuamua kwamba sasa si wakati wa kubeba mimba. Anayeongeza mbolea ili kuusaidia anauharibia zaidi. Weka kivuli chepesi saa za adhuhuri, tandaza majani makavu juu ya udongo ili mizizi isiungue, mwagilia asubuhi, na uvumilie. Maua mengine yatakuja. Pilipili hujichavusha zenyewe. Ukiwa na mimea mahali pasipofika upepo wala nyuki, tingisha matawi kidogo asubuhi maua yakiwa yamefunguka, inatosha.

Wadudu hawa ni wale wale: vidukari chini ya majani machanga, na sisimizi wakiwalinda kwa sababu ya ile sukari wanayotoa, inzi weupe, utitiri. Vidukari na inzi weupe maji ya sabuni huwapunguza ukirudia bila kuchoka na ukilenga chini ya jani, siyo juu. Utitiri mpana ndio mjanja. Macho matupu hayauoni. Utakachoona ni majani mapya yakijikunja, kukakamaa na kung'aa vibaya, ncha ya mmea ikidumaa, na kila mtu atakwambia ni upungufu wa kalsiamu. Ukiona hivyo kwenye ncha tu huku majani ya zamani yakiwa mazima, shuku utitiri. Salfa hufanya kazi, ila usinyunyize jua likiwa kali wala karibu na siku ulizonyunyiza dawa ya mafuta, majani yataungua. Batobato linaloletwa na virusi halina tiba. Ng'oa, tupa mbali. Na mvutaji wa sigara anawe mikono kabla ya kushika miche, kwa sababu virusi vya batobato la tumbaku husafiri na vidole na huipenda jamii hii ya mimea.

Sasa lile swali la ukali. Sehemu kubwa imeshaamuliwa na mbegu. Kukausha udongo kidogo matunda yanapokaribia kuiva huongeza ukali kwa baadhi ya aina, na wakulima wengi hufanya hivyo, lakini kuutesa mmea hadi unyauke hakuigeuzi pilipili mbuzi kuwa Reaper. Utapata matunda machache, basi. Na kuna imani sugu kwamba hoho ikipandwa jirani na pilipili kali itawasha. Tunda la mwaka huu limejengwa na mama yake. Chavua ya jirani haibadilishi nyama wala utando wake. Kilichochanganyika kiko ndani ya mbegu. Ukizipanda mbegu hizo msimu ujao, hapo ndipo utapata hoho yenye hasira.

Pasua tunda moja lililoiva uone ukali unakaa wapi. Siyo kwenye mbegu, ingawa kila mtu husema hivyo. Uko kwenye ule utando mweupe unaoshikilia mbegu. Ukiuinua kwenye mwanga utaona juu yake vitone vya mafuta ya manjano, vingine vimepasuka na kutiririkia mbegu, na hivyo ndivyo mbegu zilivyopata sifa isiyo yao. Kwenye pilipili ya kawaida, ukuta wa ndani wa tunda ni msafi, unang'aa. Kwenye hizi za milioni, ukuta huo nao umejaa vitone vya mafuta, hadi kule ncha inapojikunja kama mwiba. Paul Bosland na wenzake wa New Mexico State University walilieleza jambo hilo mwaka 2015: pilipili hizi zimepata eneo kubwa zaidi la kutengenezea kapsaisini, utando na ukuta pia. Kwa hiyo kule kutoa mbegu na utando ili kupunguza makali, kunakosaidia kwenye jalapeño, hapa hakusaidii sana.

Ndege wao hawajali. Kapsaisini huamsha kipokezi kimoja kwenye neva, TRPV1, ambacho kazi yake ni kutoa taarifa ya joto linalounguza. Kiligunduliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius, na kazi hiyo ikamfanya awe mmoja wa washindi wawili wa Nobel ya tiba mwaka 2021. Ulimi wako hauungui, unadanganywa kwamba unaungua. Kipokezi cha ndege hakidanganyiki. Meno ya wanyama husaga mbegu, ndege huzimeza na kuziangusha nzima mbali na mti mama, na mmea unaonekana kuwa umechagua upande. Wakikuvamia msimu wa kuiva, jua kwamba wao ndio walioalikwa, wewe ni mdandiaji. Funga wavu.

Wahenga waliuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Bila shaka hawakuwahi kukaa nyumba moja na mtu anayekaanga Bhut Jolokia madirisha yamefungwa. Watu wa chumba cha tatu watakohoa. Kausha na kusaga nje, ukiupa upepo mgongo. Vaa glavu unapopasua, na ukizivua usijiamini: mafuta hupita kwenye kisu, kwenye ubao, kwenye kitasa cha mlango, hadi kwenye jicho la mtu asiyehusika. Maji peke yake hayaondoi, kapsaisini haiyeyuki ndani yake. Paka mikono mafuta ya kula kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni ya vyombo, rudia. Mdomo ukiwaka, kunywa maziwa au kula mtindi. Protini ya maziwa hubeba kapsaisini kutoka ulimini. Bia haina alkoholi ya kutosha kukuokoa.

Na yale mashindano ya kutafuna Reaper nzima mbele ya kamera siyapendi kabisa. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani waliripoti mtu wa miaka 34 aliyekula moja kwenye shindano, akapatwa na maumivu ya kichwa ya ghafla na makali. Vipimo vikaonyesha mishipa ya damu ya ubongo imejibana. Alipona. Lakini tunda uliloliotesha kwa nusu mwaka kulimaliza kwa sekunde kumi za kulia ni ufujaji, hata bila kichwa kuuma.

Maana zina harufu, na hilo namba haisemi. Chinense iliyoiva hunukia tunda hasa, karibu na aprikoti, lile tunda dogo la jamii ya pichi, na limau kwa mbali, na harufu hiyo hukujia kabla ya moto, kwa nukta moja au mbili. Ili uipate, tumia kidogo: tunda zima bila kulipasua litumbukize ndani ya mchuzi unaochemka, litoe kabla halijapasuka. Ukitengeneza sosi, zisage na chumvi ya asilimia mbili hadi tatu ya uzito, ziache zichachuke kwenye chupa inayotoa hewa. pH yake ishuke chini ya 4.6, na kipimo cha karatasi kitakuonyesha kwa makadirio. Usifukie pilipili mbichi kwenye mafuta na kuziweka kabatini. Mafuta hufungia hewa nje, na bakteria wa botulizimu, wanaotoa sumu kali, wanapenda hivyo hivyo.

Mmea wenyewe si wa msimu mmoja. Pasipo baridi ya kugandisha unaishi miaka kadhaa. Baada ya mavuno ukate uache shina na panda chache, upunguzie maji, na utachipua. Mwaka wa pili huwahi kuzaa, kwa kuwa mizizi ipo tayari.

Ukitaka mbegu za kweli, usingoje tunda. Funika maua kwa kimfuko cha kitambaa chepesi kabla hayajafunguka, tingisha, yakishika tunda ondoa kimfuko na ufunge uzi kwenye kikonyo ili ulitambue baadaye. Liache liive kupita kiasi, lianze kunyauka likiwa mtini. Kausha mbegu kivulini juu ya sahani, siyo juani, mpaka ukizikunja zivunjike, kisha zitie kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu na penye ubaridi. Na glavu usizivue hadi bahasha ifungwe, kwa sababu mafuta ya ule utando yamekauka juu ya mbegu, na vumbi lake ukilivuta puani utapiga chafya mpaka majirani wakuulizie hali.